Shija Hatangulii

Mnisamehe, arobaini imepita ndiyo naandika. Wengi mmenifuata inbox: "Mama Pendo, umefiwa na rafiki yako, mbona hata status hujaweka?" Mtoto anaota meno, halafu kila nikiandika "Shija alikuwa…" nafuta. Hiyo "alikuwa" haijaniingia mpaka leo.

Leo naandika kwa sababu nina hasira. Hasira imenisaidia.

Kwa wasiomjua: tulifanya kazi stationery moja pale Mirongo, yeye kwenye kuprinti, mimi photocopy. Alikuwa na ugonjwa wa selimundu tangu utotoni. Akienda kulazwa, anabeba chaja kabla ya kanga.

Ndiye aliyenifundisha ule mchezo wa simu wa kufuga monsta na kuwapambanisha. Unachagua sita, unawalea, unakutana na sita wa mwenzako. Mimi nikadhani kazi ni kuchagua wakubwa.

Shija aliwafanyia interview. Kweli kabisa. Tunakula chapati, simu imeegemea kopo la gundi:

"Huyu anafukuzwa."

"Jamani, si ndiye mwenye moto mkubwa kuliko wote?"

"Moto wa kupigia picha huo. Akiguswa mara moja amelala. Nani atakaa kwenye matope wenzake wapumue?"

Akaleta kamoja kafupi, sura mbaya, hakafi. Akakaita Kamongo, yule samaki wa matopeni. "Yupo probation," akasema. Hakutoka tena kwenye timu.

Wiki nzima alihangaika na pointi nne za kasi za mmoja tu. Anapunguza, anarudisha. Nikamwambia, "Dada, nchi haitaanguka." Akasema, "Timu ndiyo itaanguka. Wewe kapige photocopy."

Mmoja akampa jina langu, Mama Pendo. Kazi yake kutibu wenzake, hapigi mtu. Nikanuna. "Yaani mimi ndiyo huyu mpole?"

"Subiri waguse wa kwake," akasema, "ndiyo utajua kama mpole."

Kwao ni Wasukuma. Walizaliwa mapacha kwanza, Kulwa na Doto, halafu yeye. Ndiyo maana Shija, anayefuata nyuma ya mapacha. Na kwenye timu akapanga hivyo hivyo: Kulwa, Doto, katikati Kamongo, Furu na Mama Pendo, na mwisho kabisa yule aliyempa jina lake mwenyewe. "Shija hatangulii," akasema.

Baba yake ana ng'ombe. Shija akiulizwa na yeye anafuga nini, anajibu, "Majini." Watu wote tunacheka. Mama yake, Mama Kulwa, hakuwahi kucheka.

Sasa wewe, Kamanda. Hilo ni jina lako la kwenye mchezo, la nyumbani silitaji, unajijua.

Ulikuja msibani. Ulikula. Ukasogea karibu na Mama Kulwa, ukamwambia kwa sauti ya huruma, "Mama, hii simu ina majini kweli. Nipe niyatoe, marehemu apumzike." Mama aliyezika jana akakupa simu ya mwanawe kwa mikono miwili.

Mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nambadilisha mtoto. Narudi, nakuta unamkabidhi: "Tayari mama, imesafishika." Na yeye anakushukuru!

Wiki iliyofuata ukapost, "Timu yangu mpya, nimeijenga kwa jasho." Ulijihamishia wote sita. Hata mimi umenibeba.

Ila mchezo ule, monsta akihamishwa, jina lake halibadiliki, wala la aliyemlea halifutiki. Chini ya kila mmoja pameandikwa Shija. Jasho gani hilo linaloandikwa jina la mtu mwingine?

Na hata kuiba hukujua. Umecheza mechi tatu, umepigwa zote, ukauliza kwenye group: "Wadau, huyu Shija mbona hana nguvu?" Mimi nilicheka mpaka mtoto akaacha kunyonya akanitazama.

Unamtanguliza! Shija hatangulii. Alilelewa hivi: kila mwenzake akianguka, pigo lake linaongezeka. Akiingia wa kwanza ni mnyonge kuliko wote. Akiingia wa mwisho, hasimami mtu mbele yake. Mtoto yeyote wa Usukumani angekuambia nani anatangulia. Wewe ukaona ni majina tu.

Nakueleza hadharani usije ukasema nilikuvizia. Jumamosi tunakutana kwenye mashindano pale Nyamagana. Umeshakubali kwenye group na kila mtu ameona: nikikupiga, unawarudisha kwenye simu ya marehemu mbele za watu, halafu unampigia magoti Mama Kulwa. Nimeanza kulea sita wapya, mkono mmoja simu, mkono mmoja mtoto. Na zile pointi nne sikuambii ni za nini.

Shija wangu. Ulisema Shija hatangulii, na umetutangulia sote. Hilo tu ndilo sijakusamehe. Lala mama, chaja nimekuwekea. Zamu nimeshika mimi.

Ninachohitaji bado, kabla ya Jumamosi:

Daftari la jalada la bluu lililokuwa chini ya mto wa Shija. Mama Kulwa, shikamoo. Doto, msomee mama hapa: siyo majina ya majini, ni hesabu za timu. Msilichome, tafadhali.

Video ya ile mechi tuliyoshinda na Shija kule Kiseke, kwa yeyote aliyeirekodi. Yote, siyo kipande cha kushangilia.

Dada uliyelazwa kitanda cha jirani na Shija, kwenye mchezo alikupa yai la ukoo wa Kamongo. Kama limeanguliwa, naomba huyo mtoto.

Kamanda, ukiogopa Jumamosi, tuma mapema: Kulwa, Doto, Kamongo, Furu na Mama Pendo.

Shija usimtume. Huyo namfuata mwenyewe.