Gari la Kijani Lisilotetema

Hivi wewe unayesoma hapa, umewahi kuona gari lililonunuliwa ili magurudumu yote manne yavute, halafu penye kilima mawili yanachimba udongo na mawili yametulia tu, kama wageni waliokuja kusikiliza ugomvi wa jirani?

Mimi nimeliona. Nilikuwa nimekaa ndani yake.

Sogea nikusimulie. Mimi ni bibi, siendi mbio, na jambo nikilianza nalisema na vifungo vyake.

Mume wangu watu humwita Mzee Breki. Maisha yake yote aliendesha basi la wafanyakazi, lami asubuhi, lami jioni. Kuku akiwa mbali kule, mguu wake tayari uko kwenye breki. Dereva mzuri kabisa.

Ila matope hayajui.

Binti yetu wa kwanza ni mwalimu, aliolewa ng'ambo ya mlima. Lami inaisha, inakuja njia ya mawe, kisha mto, kisha mpando wa udongo mwekundu unaoteleza kama sabuni. Kiangazi pikapu hufika. Mvua zikianza, pikapu hugoma.

Mvua zilikuwa zimeanza mkwe wetu alipopiga simu.

Hospitali kubwa walikuwa wamemrudisha mke wake nyumbani. Mtu akirudishwa na dawa za maumivu tu, mtu mzima haulizi swali la pili.

Binti akaomba simu mwenyewe.

"Mama."

"Nipo, mwanangu."

"Baba aje. Nataka kumwona baba."

Mzee Breki alikuwa pembeni yangu, sauti yote anaisikia. Akasimama, akavaa kofia, akaivua, akaivaa tena.

"Natafuta gari la fowili, lile la kuvuta kwa magurudumu yote manne," akasema. "Dogo, lililotumika, linalopanda. Nitajifunza hayo matope. Nitakwenda."

"Baba watoto, si twende kwa miguu tu?"

"Kwa magoti hayo? Utafika wewe ndiye mgonjwa, yule atoke kitandani akupishe."

Nikacheka. Ndivyo alivyo, hata penye msiba mdomo wake una chumvi.

Tukaanza kuzunguka yadi za magari.

Na mimi nikajifunza kwa kusikiliza, maana masikio yangu hayajazeeka. Gari dogo la kuanzia matope halitakiwi kuwa refu. Tumbo liwe juu. Pua na mkia viwe vifupi, visigonge kilima kabla gurudumu halijafika. Pembeni ya gia pawe na mkono mdogo wa pili, ndio unaoamsha magurudumu ya mbele na kuingiza ile gia nzito ya kupandia. Rangi si kitu. Redio si kitu. Kitu ni uvunguni.

Gari la kwanza lilikuwa jekundu, milango mitatu, fupi kama kiatu.

Mzee Breki akalala chini, akagonga chesesi, ule uti wa mgongo wa gari, na mpini wa bisibisi, ko, ko, ko. Chuma kikajibu vizuri. Akachomoa stiki ya oili, oili haikuwa na rangi ya chai ya maziwa, maana yake maji hayajaingia. Vizuri. Akaingia, akavuta ule mkono mdogo, akazungusha usukani mpaka mwisho, akakata kona pale pale kwenye lami ya yadi.

Gari likatetema. Likawa linakaza na kuachia, kaza, achia, kama punda aliyekataa kuvuka daraja.

"Gia imekufa hii," akasema. "Twende zetu."

"Mzee, hiki chuma kizima," muuzaji akalalamika. "Lijaribu kwenye udongo!"

"Nimeshajaribu. Twende, mama watoto."

La pili, la kijivu, nilikunja kapeti mwenyewe nikaona ardhi. Kutu imekula sakafu, kidole kinapita. Hilo halikuwa na mjadala.

La tatu lilikuwa refu, tumbo chini, limefungwa mabati ya urembo pembeni. Mzee Breki akasema hilo ni la kupeleka bibi harusi, si la kupandia mlima. La nne likatetema kama lile jekundu. Likakataliwa.

Na kila tukirudi nyumbani, simu.

"Mmepata?"

"Bado, mwanangu. Baba yako anachagua."

"Mwambie lolote tu."

Nikimwambia, anajibu, "Gari la matope halichaguliwi kama nyanya."

Waliosema subira yavuta heri hawakusema inavuta kwa kamba ya urefu gani. Mimi nikavuta tu.

Kisha tukaliona la kijani.

Dalali wake alikuwa na miwani ya jua kichwani na maneno mengi kuliko magari. "Mama, hiki ni kitu na boksi! Aliyekuwa nalo alikuwa anakwenda nalo kazini na kurudi, basi!"

Mzee Breki akavuta mkono mdogo. Taa ya kijani ikawaka kwenye dashibodi. Akakata kona mpaka mwisho.

Laini. Laini kama mafuta ya nazi mkononi.

Nikapiga vigelegele pale yadini, watu wakageuka. Akashuka, akaenda pembeni na dalali, wakaongea kidogo, wakashikana mikono. Nikajua sasa mwanangu nitamwona.

Pale mjini kulikuwa na machimbo ya kokoto yaliyoachwa, na mwanamke mmoja wa makamo hufundisha watu kuendesha kwenye mashimo na matope. Wanafunzi wake humwita Komando. Buti zake sijawahi kuziona rangi, zimejaa udongo.

Komando akamwelekeza Mzee Breki. Punguza upepo wa matairi. Dole gumba usiliingize ndani ya usukani, jiwe likigeuza gurudumu litakuvunja. Ingiza gia nzito kabla ya kilima, si katikati. Ukipanda, usikanyage kwa hasira.

"Kilima hiki ni cha watoto," akasema. "Hata toroli linapanda. Kanyaga, mzee wangu!"

Tukapanda. Tukafika nusu. Tukarudi nyuma.

Tena. Nyuma yanachimba, tope linaruka mpaka kwenye kioo. Mbele kimya.

Komando akapiga filimbi. Akalala kwenye tope kama analala kwake, akachungulia. Akatoka anajifuta uso.

"Mzee wangu, propela ya mbele haipo."

"Haipo wapi?" nikauliza mimi.

"Haipo kabisa, mama. Ile shafti inayopeleka nguvu magurudumu ya mbele imefunguliwa. Mkono unavuta, taa inawaka, lakini mbele hakuna kinachofika. Mlilijaribuje?"

Nikamweleza ile kona ya kwenye lami. Nikamweleza na lile jekundu lililotetema.

Komando akaweka mikono kiunoni.

"Jamani! Lile jekundu ndilo lililokuwa zima! Fowili ya aina hii ukiiwasha kwenye lami ukakata kona, lazima ikaze. Magurudumu ya mbele na ya nyuma hayaendi sawa, na lami haiyaachii yateleze. Likikata laini, ujue mbele hakuna mtu nyumbani."

Nilimwangalia mume wangu. Nilitegemea atatukana, au angalau ateme mate. Aliuliza tu, "Shafti inaagizwa?" Sauti imetulia, kama anauliza bei ya kiberiti.

Fundi akaagiza shafti. Ikaja, haikuingia. Akaagiza nyingine. Lile jekundu tukalifuata, tukakuta limeshauzwa, kimebaki kipande cha lami kisicho na vumbi pale lilipokuwa limesimama.

Simu ikaanza kupokewa na mkwe peke yake.

"Mama, haongei sana sasa. Bati likigongwa na upepo anafungua macho, ananiuliza, ni gari?"

"Unamjibuje?"

"Namwambia linakuja, mama. Nimwambieje?"

Nikakata simu nikavaa viatu vya kufunga. Nilikuwa nakwenda kwa yule dalali nikamkunje shati. Nirudishiwe changu, nikodi mtu yeyote mwenye chombo chochote kinachopanda, hata trekta, na leo leo nipande mlima.

Nilimkuta anafuta vioo. Nikamwambia yote, na sikupunguza. Nikamwita mwizi. Nikamwita mla wagonjwa.

Akavua miwani.

"Mama, nikuapie. Mzee nilimwambia."

"Ulimwambia nini?"

"Kabla hatujashikana mikono. Mimi dalali, naongea sana, lakini mtu mzima ananiambia anakwenda mlimani kwa mgonjwa, nimfiche? Nilimwambia, mzee, hili mbele halivuti, propela ilitolewa, hili ni la lami tu. Chukua lile la bluu pale."

"Akasemaje?"

"Akasema, hilo hilo ndilo linalonifaa."

Sikumkunja shati. Nilirudi kwa miguu, na njia yote nilikuwa nayahesabu yale magari kichwani, jekundu, kijivu, refu, la nne. Mpaka leo sijui lile jekundu alilikataa kwa kutojua au kwa kujua. Sikumuuliza hilo.

Nilimkuta uani. Amekaa ndani ya lile la kijani, kofia kichwani, mkanda amefunga, injini inaunguruma. Haliendi popote. Simu ipo mapajani mwake.

Nikafungua mlango wa upande wa pili nikakaa.

"Dalali kaniambia."

Hakugeuka.

"Mkwe amepiga," akasema. "Binti ametangulia. Sasa hivi tu."

Kilichofuata hapo sikiandiki. Kila mama anakijua, na asiyekijua Mungu amwepushe nacho.

Wajukuu zangu, nawaachia hili. Gari lililotumika kagueni uvunguni, gongeni chesesi, na likitetema kwenye lami fowili ikiwa imewashwa, msilikimbie, ndiyo afya yake. Lakini mgonjwa hangoji gari. Akiita, nenda na ulicho nacho, hata kama ni magoti mabovu, na mtu anayechagua sana usimsubiri mpaka pumzi ya mgonjwa iishe. Mwache na uchaguzi wake, wewe tangulia.

Mle ndani ya gari, hatimaye nilinyoosha mkono nikazima injini.

"Baba watoto," nikamwambia, "mwanao alikuita. Ulikuwa unataka nini wewe?"

Akavua kofia, akaiweka juu ya usukani, akaishika kwa mikono miwili.

"Kumwona vile nisingeweza," akasema. "Na kukaa nyumbani nisingeweza. Nilitaka afe mimi nikiwa njiani."