Geti la Wafanyakazi

Kwa maoni ya Toboa, abiria ni kiumbe asiyejua aendako hata kama ameshika tiketi iliyoandikwa aendako. Aliwadharau abiria miaka yote aliyokuwa mkaguzi wa tiketi kwenye treni ya masafa marefu, na aliwadharau bila ubaguzi: daraja la kwanza kwa majivuno yao, la pili kwa kujifanya la kwanza, la tatu kwa vifurushi vyao. Jina lenyewe la Toboa alipewa na hao hao abiria, kwa sababu ya kile chuma chake cha kutobolea tiketi. Kabla hajaingia kwenye behewa alikuwa akikibonyeza hewani, ka, ka, ka, ili wasio na tiketi waanze kutetemeka mapema.

Visingizio vyao alivijua vyote. Tiketi imetafunwa na mtoto. Tiketi iko kwa mjomba, na mjomba yuko msalani tangu stesheni mbili nyuma. Toboa hakubishana na mtu. Alisikiliza mpaka mwisho, kichwa amekiinamisha kidogo, kisha akasema neno moja tu: "Sawa." Alilisema polepole, kwa upole, na lilikuwa baya kuliko matusi, maana halikuwa na chembe ya kusadiki ndani yake. Baada ya "sawa" ni kushuka na kifurushi chako.

Neno hilo alikwenda nalo mpaka nyumbani. Bintiye, mtoto wake wa pekee, akisema amechelewa kurudi kwa sababu ya mvua: "Sawa." Mkewe akisema kifua kinambana: "Sawa." Mama wa watu alizoea kumnong'oneza binti jikoni kwamba kuishi na baba yako ni kusafiri bila tiketi kila siku. Kifua hicho hicho ndicho kilichomuua. Toboa alimlilia, msidhani hakumlilia, lakini binti alikuwa ameshaolewa na kuhamia mji wa mwisho kabisa wa reli, na baada ya mazishi hakurudi tena.

Kisha Toboa akastaafu. Akapewa saa ya ukutani na makofi yasiyo na nguvu, akakaa nyumbani akiidharau saa hiyo kwa kuwa ilikuwa nyuma kidogo. Ndipo binti akapiga simu.

"Baba, tunahama nchi. Mimi, mume wangu na mtoto. Ndege yetu ni Jumapili asubuhi. Njoo Jumamosi ulale kwetu, hata usiku mmoja. Mtoto ananiuliza kama na yeye ana babu."

Toboa alikohoa. Mjukuu huyo alimjua kwa picha tu. "Nitakuja," akasema.

"Lakini baba, uje kama baba. Usije kama mkaguzi."

Mtu mwenye akili zake angepanda treni ya moja kwa moja, akafika Alhamisi, akakaa na mjukuu siku mbili nzima. Toboa? Thubutu! Kufika mapema, kwake, ni tabia ya watu wenye shida, na yeye hakutaka kuonekana mlangoni kwa mkwewe kama mtu aliyekuja kuomba. Angefika Jumamosi ile ile aliyoambiwa. Siku zilizobaki angezimalizia njiani, kwenye miji miwili mikubwa, usiku mmoja kila mji. Miji hiyo alikuwa ameidharau tangu ujana wake bila kuiona, maana alichokuwa akikijua ni jukwaa la stesheni na nyumba ya kulala wafanyakazi nyuma ya karakana. Sasa alitaka kwenda kuhakikisha kwamba hakukosea.

Kukatisha safari si jambo gumu. Abiria anayeshuka njiani na kutaka kuendelea siku nyingine kwa tiketi ile ile hupita kwenye dirisha la karani, pale pale getini, agongewe muhuri kwa nyuma. Asipogongewa, tiketi imekufa. Toboa alikuwa amewashusha watu wengi kwa ajili ya muhuri huo kuliko kwa kosa lingine lolote, na hakuna kitu kilichomfurahisha kama sura ya mtu anayegeuza tiketi yake upande wa pili na kukuta peupe.

Katika mji wa kwanza alipanga foleni kwenye dirisha, akagongewa, akamgeukia kijana wa nyuma yake na kumweleza kanuni hiyo toka mwanzo hadi mwisho, ingawa kijana alikuwa amevaa visikizio na hakusikia lolote. Kisha akatoka kuukagua mji. Akakuta barabara pana yenye maduka pande zote, na karibu kila duka linauza makava ya simu. Akakuta bustani yenye bomba la maji lililokauka na mabenchi yaliyopakwa rangi juu ya kutu. Watu walitembea haraka mno kana kwamba wamefukuzwa, wakifika kwenye taa za barabarani wanasimama kupiga domo. Chumba cha gesti kilikuwa na mapazia mafupi yaliyofika nusu ya dirisha, kama suruali ya mtoto aliyerefuka ghafla. Toboa alilala chali, akatazama lile doa la maji kwenye dari, akaridhika. Hakukosea.

Kesho yake, kabla ya kupanda treni, alimnunulia mjukuu treni ya plastiki. Hata hiyo aliigombania dukani.

"Hii injini ina bomba la moshi na waya wa umeme juu yake. Inatumia nini, makaa au umeme?"

"Mzee, inatumia betri," akajibu muuzaji.

Toboa alisonya, lakini aliinunua. Aliifunga kwenye shati lake safi, akaiweka katikati ya begi ambapo haitabanwa. Haya hatakubali niyaseme, lakini nimeyasema.

Mji wa pili ndio uliomponza. Treni iliingia juani, abiria wakamiminika kuelekea geti kubwa, na pale kwenye dirisha la muhuri foleni ilikuwa imeshazunguka nguzo. Toboa alikuwa ameshaanza kukunja uso aliposikia sauti ya mtu upande wa kushoto.

"Mkaguzi! Ni wewe kweli? Karibu, karibu, pita huku!"

Alikuwa mlinzi wa geti la wafanyakazi, mzee kama yeye, meno machache na kofia ile ile ya zamani. Tangu Toboa astaafu hakuna mtu aliyemwita mkaguzi. Mtaani kwake walimwita mzee tu, au wasimwite kabisa. Alijisikia kifua kinapanuka. Alivuka lile jukwaa kwa mwendo wake wa zamani, begi mkononi, akafunguliwa geti dogo kwa saluti.

"Watazame wale," alisema, akiionyesha foleni kwa kidevu. "Wamejazana kama hawana macho."

"Abiria, mkaguzi! Utawafanya nini?" akasema mlinzi, na wote wawili wakacheka mpaka mlinzi akakohoa.

Basi akapita. Alilala gesti nyingine, akaidharau shuka yake na redio ya jirani, na asubuhi ya Jumamosi akapita geti lile lile kwa saluti ile ile, akapanda treni ya kumalizia safari. Jioni angekuwa kwa binti yake.

Humo ndani alikaa na watu wawili. Mmoja alikuwa kinyozi aliyekuwa akienda kufungua duka jipya, mwenye mdomo usiopumzika. Mwingine mama muuza mitumba, mnene, mcheshi, amekalia furushi lake kwa sababu kiti hakikumtosha. Treni haijachanganya hata mwendo, kinyozi alikuwa ameshakichunguza kichwa cha Toboa.

"Mzee, samahani. Aliyekunyoa alikuwa na haraka ya kwenda wapi?"

Mama alicheka, akamenya yai la kuchemsha, akamnyooshea Toboa. "Kula, mjomba. Safari ndefu hii."

"Mimi si mjomba wako," akasema Toboa, akatazama dirishani. Yai likaliwa na kinyozi.

Walipiga soga wao kwa wao, na mara kwa mara walimchokoza ili asijione mpweke. Mama alifaulu kumtoa neno moja, kwamba anakwenda kumwona mjukuu anayesafiri kesho asubuhi. "Basi leo ni leo, mjomba!" akasema, na kinyozi akapiga makofi. Toboa aliwaona wapumbavu. Wanashangilia mjukuu wasiyemjua!

Mchana, mkaguzi aliingia. Alikuwa mwanamama wa makamo, sare imenyooka, sauti ya kawaida. Toboa alimtafuta kasoro akaikosa, isipokuwa kwamba alisema "tafadhali". Alipokea tiketi ya Toboa, akaigeuza, akaitazama tena.

"Mzee, jana ulikatisha safari?"

"Nilikatisha. Mara mbili."

"Muhuri nauona mmoja."

Toboa aliinyakua, akaigeuza mwenyewe. Palikuwa na muhuri wa mji wa kwanza. Chini yake peupe. Alikumbuka kifua chake kilivyopanuka, na lile geti dogo, na foleni iliyozunguka nguzo.

Kinyozi alisoma uso wake kabla hajafumbua mdomo. "Dada, dirisha lilikuwa limefungwa jana! Mimi nilikuwepo. Huyu mzee aligonga mpaka mkono ukavimba."

"Karani alikwenda chai," akadakia mama. "Nikamwambia, mjomba, twende tu, wenyewe wataelewa. Ni mjomba wangu huyu, dada. Mjukuu wake anapanda ndege kesho. Asipofika leo ndiyo basi tena."

Mwanamama aliwatazama wote watatu. Uongo huo ulikuwa wazi kama mchana, na yeye hakuwa mtoto. Lakini alitoa kalamu kwenye mfuko wa shati. "Haya. Nitaandika hapa kwamba dirisha lilifungwa. Yaishe."

Ilikuwa kazi ya kunyamaza tu. Hakuombwa aseme uongo, wenzake walikuwa wamemsemea. Hakuombwa hata ashukuru. Angetazama dirishani kama alivyokuwa akitazama tangu asubuhi, na jioni angekuwa na mtoto magotini. Toboa alilijua hilo. Alimwona bintiye waziwazi, akamsikia na ile sauti yake: usije kama mkaguzi. Lakini aliwatazama kinyozi na mama wa mitumba, nao wakimkonyeza kama mwenzao, na kinyaa kikampanda mpaka kooni. Yeye awe mwenzao?

"Wanadanganya," akasema. "Dirisha lilikuwa wazi. Nilipita geti la wafanyakazi."



"Mzee," akasema mwanamama polepole, "nakusaidia."

"Sikuomba msaada wa mkaguzi anayeandika uongo kwenye tiketi. Ningekuwa kazini ningekuripoti. Kanuni inasema tiketi hiyo imekufa, na abiria anashuka stesheni inayofuata."

"Stesheni inayofuata ni kile kituo kidogo. Treni nyingine ni Jumatatu."

"Ratiba naijua kuliko wewe."

Mwanamama alirudisha kalamu mfukoni. "Haya, mzee. Jiandae kushuka."

Alishuka kichwa juu, kama mtu anayekwenda kupokea medali. Kwa kuvimba huko alisahau begi, na treni ilikuwa imeshaanza kusogea mama wa mitumba alipolisukuma kupitia dirishani. "Mjomba! Begi lako, mjomba!" Lilianguka kwenye kokoto, na ndani yake kitu kikalia krak. Watu wa madirishani hawakumcheka. Walimtazama kwa huruma, na hilo ndilo lililomuuma, kwa sababu yeye hakuwahi kumtazama hivyo mtu yeyote aliyemshusha.

Kituo kilikuwa na benchi, bomba na chumba kimoja cha karani. Karani alimwambia kwamba magari ya kwenda mjini yanapita barabara kuu, kesho mchana. Toboa alikwenda kukaa kwenye benchi. Hakufungua begi.

Jua lilikuwa linaelekea kushuka simu ilipoita.

"Baba, uko wapi? Sisi tumeshafika stesheni, tumewahi kidogo. Mtoto amevaa viatu tangu asubuhi, hataki kuvivua." Nyuma yake sauti ndogo ikauliza: "Ni babu? Ni babu?"

Toboa alifumbua mdomo aseme ukweli, kama alivyousema kwa kiburi mbele ya watu asiowajua. Ukweli ulikuwa kwamba walitaka kumleta, wageni watupu, na yeye akakataa. Akaona hawezi kumwambia binti yake hivyo. Hawezi kabisa.

"Treni imeharibika," akasema.

"Imeharibika?"

"Injini. Imezimika porini huku. Mafundi wameitwa, lakini wanasema mpaka kesho. Wametushusha wote. Kuna mama mmoja hapa mgonjwa, tunampepea." Alijisikia akiongeza mambo ambayo hakuulizwa, mafundi, mama mgonjwa, na aliijua sauti hiyo, ya juu kidogo, ya haraka kidogo. Alikuwa ameisikia maisha yake yote ya kazi, ila haikuwahi kutoka kinywani mwake.

 Kabla binti hajajibu, Toboa alisikia kwenye simu, mbali lakini bila mkwaruzo wowote, kipaza sauti cha stesheni kikiwatangazia watu waliofika kupokea wageni kwamba treni inaingia kwa wakati wake, jukwaa la kwanza.

"Sawa," akasema binti yake. Alilisema polepole, kwa upole, kama alivyofundishwa nyumbani.