Mtandio Ulionuka Maandazi

Miaka ile ya ruksa, serikali ilipolegeza masharti ya biashara, nilikuwa nauza maandazi nje ya geti la shule ya msingi, kijiji kimoja upande wa Ikungi, mkoani Singida. Nilikuwa na karai langu, mafiga yangu na mabeseni mawili yenye mifuniko. Beseni moja lilikuwa la maandazi. La pili lilikuwa la mitandio ya watoto wa Kiislamu, na hilo sikulipanga mimi.

Ilikuwa hivi. Mwalimu mkuu alipiga marufuku mwanafunzi kuingia darasani amefunika kichwa. Zamani hakuna aliyejali. Kwetu unaweza kukuta nyumba moja baba anaswali, mama anakwenda kanisani, na mbuzi wa Krismasi anachinjwa na Mwislamu ili wote wale. Halafu wakaanza kuja wahubiri wenye vipaza sauti pale mnadani, wa huku na wa kule, wanabishana kutwa nzima nani ataingia peponi, na watu wakaanza kutazamana vibaya. Mwalimu mkuu akaogopa fujo isije ikaingia shuleni. Dawa aliyoiona ni vichwa vya watoto wa kike. Jamani!

Basi asubuhi mabinti wanafika wamejifunika kama walivyotoka nyumbani, wanavua pale kwangu, wanakunja, wanatumbukiza kwenye beseni, wanaingia darasani. Wakitoka, kila mmoja anachukua wake, anajifunika, anarudi kwao. Wazazi hawajui. Mwalimu mkuu naye hajui, au alijifanya hajui, maana maandazi yangu alikuwa anayapenda mno. Mimi Mlutheri wa kuzaliwa nimekuwa mtunza mitandio! Mwanzoni nilicheka sana.

Kati yao alikuwemo mtoto wa mdogo wangu. Mdogo wangu aliolewa na Mwislamu, akabadili dini, na kwetu hakuna aliyelia. Shemeji yangu alikuwa mtu mwema, muuza mitumba mnadani, akinikuta njiani na mzigo ananipokea. Binti yao alikuwa darasa la saba, ana akili mpaka inatisha. Nikihesabu chenji kwa vidole, yeye ameshamaliza na ananisubiri. Walimu wote walijua huyu anakwenda sekondari. "Mama mkubwa," alikuwa ananiambia, "nikiwa nesi utaacha kukaa kwenye moshi huu."

Kilichotuumbua ni mafuta. Mtandio unashinda karibu na karai la mafuta ya alizeti, utaacha kunuka? Siku moja shemeji alimpokea binti yake mlangoni, akamuuliza, "Mbona kichwa chako kinanuka maandazi?" Mtoto yule hajui kudanganya. Akasema yote.

Asubuhi yake shemeji akaja pale kwangu, amemshika binti yake mkono. Uso ule sikuwahi kumwona nao, ila salamu hakuiacha.

"Shikamoo, shemeji."

"Marahaba."

"Shemeji, binti yangu anakaa kichwa wazi mbele ya wanaume, na wewe unamtunzia nguo?"

"Namtunzia ili asome."

"Asome kwa kujificha kama mwizi?"

Akavuka geti kwenda kwa mwalimu mkuu. Niliwaona dirishani wakipeana mikono, wakiulizana habari za nyumbani, za mvua, za mifugo. Hawakugombana. Ningependa wagombane, labda mmoja angechoka. Shemeji akatoka, akamvua binti yake mtandio ule unaonuka, akauacha kwenye beseni langu, akamfunika mpya kabisa, akasema mbele yangu, "Ataingia humu siku watakayomruhusu hivi alivyo."

Mapumziko mwalimu mkuu alikuja kufuata maandazi yake. Nikamwambia, mwalimu, mimi hapa nimefunga kilemba tangu asubuhi, mbona hunifukuzi? Na sista wa hospitali ya misheni akipita na kitambaa chake kichwani unamwamkia mpaka unainama. Akacheka kidogo. "Wewe na sista si wanafunzi wangu, mama. Hii ni shule ya serikali, haina dini. Leo nikikubali hili, kesho nitakataa lipi?"

Jioni nikaenda kwa shemeji. Nikamwomba, mtihani umekaribia, mwache mtoto avue saa za darasani tu, Mungu anaujua moyo wake. Alipokataa nikapandisha hasira: kichwa unachokifunika unataka kibaki kitupu? Hakunijibu kwa ukali. "Redio inasema nchi hii kila mtu yuko huru na dini yake. Uhuru gani huo unaovuliwa getini? Leo nikikubali hili, shemeji, kesho nitakataa lipi?"

Mwee! Maneno yale yale, kama walikaa kikao wakayapanga. Na kila mmoja ukimsikiliza peke yake unaona ana haki. Hapo ndipo niliposhindwa. Mtu mbaya unamtukana, unapumua. Hawa ningewatukana nini? Mdogo wangu alikuwa anasonga ugali, hata hakugeuka. "Dada," akasema, "mwenye nyumba ameshasema."

Binti akaendelea kuja, lakini hakuingia shuleni, alikuja kwangu. Alikaa juu ya ndoo niliyoigeuza, mtandio kichwani, ananisukumia maandazi. Darasa lao lilikuwa karibu na uzio. Mwalimu akiuliza swali kule ndani, yeye analijibu huku nje, kwa sauti ndogo, mikono kwenye unga. Nilikuwa nageuka nitazame pembeni.

Siku moja nikamuuliza, "Wewe mwenyewe unataka nini? Kuvaa au kuvua?"

Akanishangaa. Nadhani hakuna aliyewahi kumuuliza. "Kuvaa napenda. Wakisema nivue, nitavua. Mimi nataka kufanya mtihani, mama mkubwa."

Nikayapeleka maneno hayo kwa baba yake, nikayapeleka kwa mwalimu mkuu. Wote wawili wakaniambia huyo ni mtoto.

Mtihani ukafanyika. Siku hiyo hakuja kukaa kwenye ndoo, wala darasani hakuingia. Baadaye wakampeleka Itigi kwa shangazi yake, na baada ya mavuno akaolewa huko huko. Harusini nilikwenda, nikala pilau, nikapiga vigelegele. Ningefanya nini? Nilipiga vigelegele machozi yananitoka, na watu wakadhani ni furaha.

Mtandio wake wa zamani, ule mweupe, ulibaki kwenye beseni langu. Niliufua kwa sabuni ya mche, nikauanika juani, na harufu haikutoka yote.

Kisha mwalimu mkuu akahamishwa. Aliyekuja baada yake akasema asubuhi moja, watoto wakiwa mstarini, kwamba anayetaka kujifunika ajifunike, mradi kitambaa kiwe cheupe. Basi, imekwisha. Hakuna aliyepigana, hakuna aliyehama shule. Beseni langu la pili nikalitia maandazi.

Miaka ikapita. Msimu wa kuanza darasa la kwanza, mwanamke mwenye baibui akasimama mbele ya karai langu. "Shikamoo, mama mkubwa." Nilimjua kwa sauti. Alikuwa amerudi kukaa kwa wazazi wake, na binti yake wa kwanza ndiyo alikuwa anaanza shule. Mtoto alikuwa na mtandio wa maua, si mweupe. Nikasema subiri. Nikauvuta ule wa zamani kutoka chini ya kapu langu, nilikokuwa nimeuweka. Akaunusa, akacheka, akamfunga mwanawe. Ulimfika magotini.

Mtoto akavuka geti. Mwalimu wa zamu alikuwa amesimama pale na fimbo yake. Hakumzuia, hata kumtazama vizuri hakumtazama. Alisema tu, "Harakisha, wenzako wako mstarini."

Mama yake alibaki ameshika nguzo ya geti mpaka mtoto akapotea katikati ya wenzake. Kisha akanigeukia.

"Mama mkubwa, kumbe ni hivi hivi tu?"

Maandazi yalikuwa yanaanza kuungua, nikayageuza.