Mjukuu Wangu Kapigwa na Umeme, Wanataka Niseme ni Radi

(Msomaji huyu ametuomba tufiche jina lake na la kijiji chake. Maneno ni yake.)

Kwa mlioniamkia, marahaba. Ambao bado, jirekebisheni, maana mimi ni bibi wa wajukuu kumi na moja, nipo mkoa wa Singida, na miaka yangu wanakisia sitini na kitu. Kuandika nimejifunzia uzeeni, kwenye kisomo cha watu wazima, kwa hiyo herufi zikipinda msinicheke.

Shida yangu ni mjukuu wangu niliyemlea mwenyewe tangu mama yake aolewe kwingine. Ni kijana wa kuoa sasa. Alikuwa na nguvu, alikuwa akilima na kuimba, mpaka wenzake wanamwambia nyamaza tupumue.

Kijijini kwetu alitarajiwa mgeni mkubwa. Mwenyekiti wa kijiji akaazima jenereta ili ofisi iwake taa, sisi ambao taa yetu ni kibatari. Fundi akaja nayo, waya ukalazwa chini, mvua ikanyesha. Mwenyekiti akaona waya umelala kwenye matope na mashine inaunguruma. Akamwambia mjukuu wangu, "Wewe, nyanyua huo waya, utachafuka." Mtoto mtiifu, miguu mitupu, akaushika. Hakuweza kuuachia tena. Mkono ulijifunga wenyewe, mwili ukakakamaa kama gogo, sauti haitoki. Fundi ndiye aliyekimbia kuzima mashine. Nilipofika nilikuta harufu kama ya kwato ya mbuzi motoni.

Sasa sikilizeni. Mtoto akainuka! Akacheka, akasema, "Bibi, sijambo, ni kama nimepigwa teke na punda." Kiganjani ana kidonda kidogo kama punje ya hindi, na kisiginoni kingine. Waliokuwepo wakacheka naye, wakarudi shambani.

Siku zilizofuata ndipo nilipoanza kuona mambo. Moyo unamwenda mbio akiwa amekaa tu. Vidole vinajikunja, navikunjua kimoja kimoja kwa mafuta. Anasahau alichotumwa akiwa bado mlangoni. Mashine ya kusaga ikinguruma anatoka jasho na kulia, mwanamume mzima. Nikampeleka hospitali. Daktari akaniambia, "Bibi, umeme uliingia kiganjani ukatokea kisiginoni. Huko ulikopita umeunguza nyama na mishipa, na moyo umeutikisa. Nje huwezi kuona. Asifanye kazi nzito mpaka turidhike na moyo wake." Akampa cheti cha kupumzika.

Cheti kilikuwa cha siku chache, zikaisha, mtoto hajapona, na nauli ya kurudi hospitali sina. Mwenyekiti akaja nyumbani.

"Mama, shikamoo."

"Marahaba. Sema kilichokuleta."

"Wenzake wako kwenye palizi ya shamba la kijiji, yeye yuko kivulini. Kidonda chenyewe kimeshakauka. Mama, kijiji hakifugi kupe."

"Kupe! Ulipomtuma kushika waya alikuwa kupe? Wewe nilikupokea kwa mikono hii siku unazaliwa, ulikuwa na kichwa kikubwa, nikadhani kina kitu ndani!"

Akaondoka amenuna. Mjukuu wangu alisikia yote. Kesho yake akachukua jembe akaenda. Kufika katikati ya tuta mkono ukajifunga kwenye mpini, akaanguka nalo. Wakasema anaigiza. Wakamrudisha kwenye mkokoteni huku mmoja anamwimbia wimbo wa mvivu.

Ndipo akaja shemeji yangu, mdogo wa marehemu mume wangu.

"Shemeji, acha ubishi. Watu hawa umeme hawaujui. Radi wanaijua. Sema mtoto kapigwa na radi. Tutachinja kondoo, mganga atamwosha, na hakuna atakayethubutu kumshikisha jembe mpaka apone."

"Na radi kwetu inampiga nani?"

Akaanza kuhesabu kuku wangu uani.

"Sema, shemeji. Inampiga nani?"

"Mwizi wa ng'ombe. Lakini watasahau."

"Watasahau! Wanaokumbuka mpaka leo kwamba babu yenu alikimbia fisi akamwacha mkewe njiani!"

Nikamfukuza. Lakini usingizi umenikimbia tangu hapo, kwa sababu najua alichosema kitafanya kazi. Mwenyekiti mwenyewe ataipokea radi kwa mikono miwili, maana ikiwa ni radi, hakuna aliyemtuma mtoto kushika waya. Walioona walikuwa watatu, wote watu wake, na fundi ameshaondoka na jenereta yake. Na mchungaji wa kanisani kwetu akisikia habari ya kondoo na mganga, nitamweleza nini?

Nikamuuliza mjukuu wangu anaonaje. Mtoto ambaye hajawahi kuokota hata yai la jirani. Akaniambia, "Bibi, waache waniite mwizi, mradi nipumzike." Nilimfokea. Nikatoka nje nikalia nyuma ya zizi asinione.

Palizi ikiisha kuna mkutano wa kijiji, na jina lake litasomwa kati ya waliokwepa kazi. Nitasimama, nitake nisitake. Nikisema umeme, watamrudisha shambani na moyo ule, na siku moja nitaletewa maiti. Nikisema radi, atapona, lakini hakuna atakayempa binti yake, na aliyemtuma atabaki msafi anapigiwa makofi.

Msiniandikie pole, pole ninazo tele hapa kijijini. Ninyi mliosoma, mnaowasha taa ukutani kwa kidole kimoja, niambieni wazi: siku hiyo nifungue mdomo niseme lipi?

Bibi, Singida