Ukurasa wa Arobaini na Moja

Verna Pruitt alikuwa karani wa mawakili hapa Toledo miaka ishirini na sita, na mimi meza yangu ilipakana na yake. Kwa hiyo mtu asije akaniambia Verna alikuwa na roho ngumu.

Kesi ilikuwa ya Odessa Tibbs. Mwanawe Curtis alikufa kwa pumu katika gereza la serikali, mama akashtaki. Huku kwetu, kabla ya kesi kusikilizwa, kila upande sharti umpe mwenzake karatasi zake. Serikali ilileta, lakini zimepakwa weusi mstari kwa mstari, pembeni wameandika "siri za ndani". Siri gani, mtoto wa mtu amekufa! Odessa alitaka kujua jambo moja tu: Curtis alisema nini mwishoni. Kila Alhamisi alikuja na mkate wa mahindi, tunampazia sauti maana sikio lake la kushoto lilikuwa zito, na yeye anamtania Verna, "Leo wamekuachia nukta ngapi, mwanangu?"

Mwezi wa Machi wakateleza wenyewe. Ukurasa wa arobaini na moja ukaja bila kupakwa weusi, na Verna akausoma kabla hajajua anasoma nini. Kesho yake ikaja barua: tumekosea, rudisheni. Ndiyo sheria, karatasi iliyoponyoka hurudi, na aliyeiona hufunga mdomo mpaka jaji aamue. Verna akautia ule ukurasa kwenye bahasha, akaurudisha.

Alhamisi Odessa hakutania; wakili alikwisha kumwambia kuna ukurasa ulioponyoka. "Umeuona, sivyo?"

"Nimeuona, mama."

"Aliniita?"

Verna akautazama mkate. "Siruhusiwi, mama. Tumsubiri jaji."

Nilitamani kumzaba Verna kofi, Mungu anisamehe. Lakini neno moja likivuja, serikali ingeomba tuondolewe kwenye kesi, na Odessa angebaki bila wakili. Verna alilia chooni, bomba la maji limefunguliwa.

Subira huvuta heri, wanasema. Hii ilivuta jeneza. Jaji alikaa na ule ukurasa miezi saba, na Odessa alikufa kwa ugonjwa wa moyo mwezi mmoja kabla ya amri ya kuturuhusu kuusoma kutoka.

Siku ilipotoka, Verna alichukua koti, tukaenda makaburini. Akasoma: "Mfungwa anaomba mama yake apigiwe simu. Amekataliwa."

Kisha akazunguka upande wa kulia wa kaburi, kwenye sikio lake zima, akasoma tena kwa sauti zaidi.