Risasi ya Orville

Lyle Tvedt, fundi bomba wa Montana, hakumwamini jirani yake Orville. Hata salamu zake alizitilia shaka. Wiki moja kabla ya mashindano ya kulenga shabaha ya yadi elfu moja, Orville alimwambia, "Jirani, chukua risasi ya milimita sita na nusu. Ile ndogo ya sita, upepo utaichezea."

"Na wewe unapiga ipi?"

"Hiyo hiyo."

Lyle aliguna tu. Nani anampa mpinzani wake siri bure? Akajifungia gerejini, akajaza baruti kwenye maganda ya ile ndogo.

Siku yenyewe upepo ulivuma, na risasi za Lyle zikapita pembeni mwa shabaha kama zimetumwa kwingine. Orville akashinda. Watu walipoinama kuokota maganda yao wakayajaze tena, Lyle alijifanya anafunga kamba za viatu, akaokota moja la Orville na kusoma maandishi ya kitakoni. Sita na nusu.

Akaligeuzageuza, kisha akamnong'oneza mkewe, "Unaona ubaya wa yule mtu? Alijua sitamwamini."