Dakika Moja ya Rais wa Seneti

Mzee Melencio Dacanay alianza kubeba siwa ya Seneti, lile rungu la mamlaka, nywele zake zikiwa bado nyeusi. Marais wa Seneti wamepita mbele yake hadi majina yanamchanganya, maana hapa kwetu Manila hawamalizi muda, wanapinduana tu. Yeye yupo palepale, kachoka. Kikao kikifunguliwa anaisimamisha siwa mbele ya kiti cha Rais, kikiahirishwa anaiondoa. Katikati hapo haendi popote, hata nyumbani kuwe na msiba.

Jumatatu ile binti yake, Ligaya, alikuwa anasafiri jioni kwenda Riyadh kwa kazi ya uuguzi. Mchana Rais akagonga nyundo: "Kikao kinasimama kwa dakika moja." Mimi ni mlinzi wa mlango. Dakika zao nazijua, huisha usiku. Maseneta wenzake walikuwa wameanza kumng'oa.

Rais alipopita akijifuta jasho, Melencio akamfuata.

"Mheshimiwa, mwanangu anaondoka leo. Naomba nikamuage."

"Dakika moja tu, mzee wangu. Sasa bila wewe tutafanyaje?"

Akajifungia na wenzake chumba cha nyuma. Tambi zikaingia, sahani tupu zikatoka, watu hawatoki. Nilikasirika mno. Jioni simu ya Melencio ikalia.

"Baba, uko wapi? Wanatuita."

"Nakuja, mama."

"Umekuwa ukiniambia hivyo tangu nizaliwe."

Akavua glavu zake nyeupe, akanishikisha.

"Nesia, wakiuliza, sema nimekwenda kwa mwanangu."

"Watakufukuza, kaka!"

"Na wanifukuze. Nimechoka."

Akatoka mbio na magoti yake mabovu. Alimkuta. Walikumbatiana mpaka askari wa uwanja wa ndege akamsihi binti aingie.

Asubuhi alikuja amevaa shati lake la sherehe, tayari kuaga kazi.

"Haya, niambie. Walisemaje?"

Nilitamani kumdanganya. Usiku ule walimchagua Rais mpya, wakapiga picha, nyundo ikagongwa, wakaenda kula. Siwa ilibaki imesimama ukumbini peke yake.

"Hakuna aliyeuliza, kaka."

"Hata mmoja?"

"Hata mmoja."

Akakaa kwenye ngazi, polepole, akautazama mlango wa ukumbi.

"Kumbe mama yangu ningeweza kumzika," akasema.